Bahari Nyuma ya Kioo

Baada ya Mombasa, mji wa bahari ninaoujua vizuri kuliko yote ni Iskandaria ya Misri, na sijawahi kukanyaga huko. Niliujulia Jedda, nikiwa nimeshika usukani, nikisimuliwa na mama mmoja mzee aliyeketi kiti cha nyuma upande wa kulia, fimbo yake katikati ya magoti. Leo hii ukinishusha Iskandaria asubuhi, nadhani ifikapo adhuhuri nitakuwa nimekutembeza mji mzima bila kupotea. Jedda, ambayo ndiyo hasa nilitumwa kumtembeza yeye, nusura inishinde.

Nilikuwa dereva wa nyumba moja Riyadh. Bosi alikuwa Msaudia mpole, wa maneno machache. Mkewe, madam, alikuwa Mmisri mzaliwa wa Iskandaria, na yule mama mzee ndiye mama yake. Wajukuu walimwita Bibi kwa Kiarabu chao, nami nikamtaja hivyo hivyo, kwa kuwa hakuna aliyenikataza, ingawa nikizungumza naye nilimwita mama. Alikuwa mjane, akiishi peke yake kwao kwenye ghorofa isiyo na lifti, mpaka alipoteleza bafuni akaumia goti. Madam akasema halas, basi, mama haishi tena peke yake.

Tatizo ni kwamba Riyadh walikwisha kuijaribu. Walimleta mwaka wa nyuma, na Riyadh ikamkataa, au yeye akaikataa. Hewa kavu ilimtoa damu puani na kumpasua midomo, akawa anashinda dirishani akitazama ukuta wa jirani, mwisho akadai tiketi yake. Safari hii bosi alikuwa amepewa nafasi ya kuhamia ofisi ya Jedda. Akasema tukakae huko wiki moja. Bibi akiipenda Jedda, tunahama sote. Asipoipenda, tunabaki Riyadh, na habari ya bahari isitajwe tena mezani.

Hilo neno "sote" lilinihusu. Mimi ni mtoto wa Likoni, niliyelala na kuamka nikisikia kivuko kikipiga honi. Riyadh ina barabara pana na riziki zake, sitaitukana, lakini bahari haina hata ya kusingizia. Nilikuwa naitamani bahari kama mama mjamzito anavyotamani udongo. Kwa hiyo bosi aliponiita kando na kuniambia, "Wewe ni mtu wa pwani, mwonyeshe mama uzuri wa mji," nilijibu "Mafi mushkila, baba," yaani hakuna shida, na moyoni nikaomba kama nilivyofundishwa kanisani kwetu, kwamba yule mama Mwislamu wa Misri aipende Jedda kwa nguvu zake zote.

Wao walikwenda kwa ndege. Mimi niliendesha gari na mizigo kutwa nzima, jangwa mwanzo mpaka mwisho, nikafikia mtaa wa Bani Malik kwa Mkenya mwenzangu, askari wa mlangoni kwenye jengo fulani, aliyekuwa amepanga chumba huko. Nikamweleza mzigo nilioubeba.

"Sasa utampeleka wapi?" akaniuliza.

"Kila mahali. Baharini, mji wa kale, mall, kila mahali."

"Buda, chunga. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukimzungusha sana atashuku."

Nilimcheka. Ningemsikiliza, pengine ningejipunguzia aibu.

Kuna jambo moja kuhusu madereva wa Riyadh lazima nilieleze hapa. Vumbi la Riyadh haliji na upepo tu. Linakaa hewani likingoja mlango ufunguke. Na madam ana kifua. Sheria ya kwanza niliyofundishwa katika kazi ile, kabla hata ya kuonyeshwa kitanda changu, ilikuwa kwamba kioo cha gari hakifunguliwi. Nikisahau, sauti ilitoka nyuma, "Kioo! Kioo!" Watoto nao walikuwa wakichezea vitufe vya vioo, basi nikazoea kubonyeza kile cha kwangu kinachofunga vyote, vya nyuma visifanye kazi. Nilikibonyeza kila asubuhi kabla hata ya kufunga mkanda, na mwisho sikuona tena kama nakibonyeza. Waswahili wanasema mazoea yana taabu, na wanajua wanachosema.

Siku ya kwanza nilimpeleka Bibi kwenye barabara ya pwani. Nililiosha gari mpaka likang'aa, nikaweka AC ya kumpendeza mgeni, nikampitisha polepole kando ya maji. Nikamwonyesha msikiti uliojengwa juu ya bahari, wanaume waliojipanga na mishipi yao, familia zilizotandika mikeka. Jedda ilikuwa imevaa vizuri siku ile. Maji yalikuwa ya kijani karibu, ya buluu mbali.

"Hii ndiyo?" Bibi akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Imelala."

Akaanza kunieleza Iskandaria. Kwao, barabara ya pwani imejipinda kama mkono unaokumbatia ghuba, na mwisho wa mkono ipo ngome ya mawe ambapo zamani palikuwa na mnara wa kuongoza meli. Wakati wa baridi bahari inapanda barabarani, inaosha magari bila kuombwa. Dhoruba zao zina majina, na kila bibi wa nyumba anazijua, ipi inakuja lini, ipi ya kuanulia nguo na ipi ya kufungia mlango. Nilikuwa nikisikiliza huku nikisikia nyuma yangu mlio mdogo, tik, tik, tik. Nikajua ni tasbihi. Nikapunguza redio kwa heshima.

Siku ya pili nilimpitisha Balad, mji wa kale. Mimi mwenyewe mji ule ulinishika moyo, maana zile nyumba ndefu za mawe ya matumbawe, na madirisha ya mbao yaliyotokeza nje kwa nakshi, zilinikumbusha Mji wa Kale wa kwetu Mombasa. Nilikwenda mwendo wa harusi ili aone vizuri. Bibi akatazama madirisha yale juu, akauliza kama watu wa humu huteremsha kapu.

"Kapu gani, mama?"

Kumbe Iskandaria mtu wa ghorofani hashuki kununua mkate. Anafunga kapu kwa kamba, analiteremsha kutoka roshani, muuzaji anatia mkate na nyanya, kapu linapanda. Huko ndiko habari za mtaa mzima hupandia. Yeye mwenyewe, alisema, aliposwa kwa kapu: kijana wa chini alitia ua moja juu ya mafungu ya jirjiri, majani ya saladi, na mama yake Bibi akalila lile ua akidhani ni mboga. Nilicheka mpaka nikapitiliza njia. Nilimpenda yule mama. Lakini kila alichokisifu kilikuwa ng'ambo ya nchi, na kila nilichomwonyesha alikitazama jinsi mtu anavyotazama picha ya ndugu za watu. Tik, tik, tik, ikaendelea nyuma. Nikasema moyoni, angalau anasali sana.

Siku ya tatu nikakata tamaa nikampeleka mall. Kule ndani kuna tangi kubwa la samaki, watoto wanaligusa kwa pua. Bibi akasimama mbele yake kwa fimbo muda mrefu, nami nikaona matumaini.

"Maskini," akasema mwisho. "Wamewekwa nyuma ya kioo, kama mimi."

Nilidhani ni utani wa uzee. Nikacheka, tukarudi garini.

Jioni ile nikiwa nashusha mifuko kwenye nyumba waliyoipanga kwa wiki ile, nilimsikia madam akimwuliza mama yake anaionaje Jedda. Bibi akasema mji ni safi, watu ni wema, lakini bahari yao haina harufu. "Bahari isiyo na harufu ni picha," akasema, "na picha ninazo nyumbani." Bosi alikunja tu karatasi za nyumba za Jedda alizokuwa akizitazama, akazitia kwenye mkoba. Mimi nilisimama na mifuko ya nyanya nikiiona Riyadh inanirudia na vumbi lake lote, na niseme ukweli, niliwakasirikia wote, kuanzia Bibi mpaka Bahari ya Shamu.

Usiku yule askari mwenzangu alinipa ugali na hakunipa pole. "Umeongea na huyo mama kuhusu kwenu?" akauliza.

"Hajaniuliza."

"Na wewe unangoja uulizwe? Wewe ni Mombasa kweli?"

Kesho yake nilikuwa nimeamua kumrudisha pale pale pwani, nimpitishe tena, labda bahari ingeamka. Tulikuwa tumeingia upande wa kusini wa mji Bibi aliponigusa bega kwa fimbo.

"Ya ibni, mwanangu, nataka choo. Sasa hivi."

Hapo ndipo dereva anapojulikana. Mwenye gari anaujua mji kwa mahali pazuri pa kwenda, lakini dereva anaujua kwa mahali pa kungojea: penye kivuli, penye chai, pasipo na askari wa kukufukuza, na zaidi ya yote penye choo kisafi. Siku zile chache nilikuwa nimekwisha kuonyeshwa kituo cha madereva, kimsikiti kidogo nyuma ya soko la samaki, chenye mlango wa wanawake na maji yasiyokatika. Si mahali unapompeleka mama mkwe wa bosi. Lakini goti na kibofu havikungoja nitafakari. Nilikata kona nikampeleka.

Alipoingia, nikafanya wanavyofanya madereva wote dunia nzima mwenye gari akitoka. Nilizima injini. Nikashusha vioo vyote vinne, nikavua viatu, nikatoa miguu nje. Hewa ikaingia nzito, ya moto, yenye chumvi, mwani, mafuta ya kukaangia na samaki wa jana na wa leo pamoja. Nikafumba macho. Kwa mara ya kwanza tangu nifike Jedda nilijisikia nimefika, na wala sikujiuliza kwa nini.

Nilifumbua macho kwa sababu ya fimbo. Bibi alikuwa amesimama mlangoni pa gari, ushungi umelowa kidogo kwa maji ya udhu. Niliruka, nikaingiza miguu, nikawasha injini, vioo vikaanza kupanda.

"Samahani mama, dakika moja, naondoa harufu..."

Akanichapa mkono. Kidogo, lakini alinichapa. "Acha! Shusha!"

Nikashusha.

Alivuta pumzi. Akavuta tena, ndefu, akashika mlango kwa mikono yote miwili. Nikaogopa kwamba anaumwa. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Siku zote hizi," akasema, "ulikuwa umeificha wapi?"

"Nini, mama?"

"Bahari!"

Nikamweleza habari ya Riyadh, ya vumbi, ya kifua cha madam. Nikamweleza na kitufe. Akanikazia macho. Kisha akanyoosha mkono ndani akabonyeza kitufe cha kioo chake. Tik, tik, tik.

"Tangu siku ya kwanza nakibonyeza hiki," akasema. "Nikadhani kimeharibika."

"Mbona hukuniambia?"

"Gari la mkwe wangu! Mimi mgeni, nimepewa gari na dereva, nianze kusema gari bovu? Ningeficha wapi uso?"

Kumbe tasbihi niliyokuwa nikiisikia yote ile ilikuwa kitufe. Nilikuwa nimemzungusha mama wa watu mji mzima wa bahari ndani ya kisanduku cha hewa ya Riyadh, mimi mzaliwa wa Likoni, nikashangaa kwa nini hapendi. Nilianza kuomba radhi, lakini Bibi alikuwa ameanza kucheka, kicheko cha kifuani cha kutikisa mabega, na madereva waliokuwa kivulini wakageuka, nami nikashindwa kujizuia. Tulicheka pale mpaka Msudani mmoja akatuletea maji.

Baada ya hapo sikumtembeza tena. Yeye alinitembeza. Alishika njia ya soko la samaki na fimbo yake, mimi nyuma nimebeba mkoba wake. Alifunua matamvua ya samaki, akabonyeza macho, akamkaripia muuzaji kwa ajili ya tewa mmoja ambaye Bibi alidai amelala barafuni tangu Ramadhani. Muuzaji naye hakukubali, akaapa, wakapandishiana sauti, na nikaona uso wa Bibi unakuwa mwekundu kwa furaha. Jirani pale wanakukaangia samaki uliyemchagua na kukupakulia wali wa sayadia, ule wa vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa rangi ya kahawa. Tuliketi kwenye viti vya plastiki. Bibi alionja wali, akasema wameunguza vitunguu, na kwamba Iskandaria mpishi kama huyo angetupwa majini. Akaumaliza wote. Akamalizia na wa kwangu kidogo.

"Na wewe kwenu wapi?" akaniuliza akijifuta mikono.

"Mombasa."

"Kuna bahari?"

"Tele, mama. Kwetu ni kisiwa."

"Mtu wa kisiwa," akasema, akitikisa kichwa, "na unafunga kioo!"

Tulirudi vioo vyote vikiwa wazi. Madam alitukuta mlangoni, akanusa, akashika kifua. "Kioo! Mbona mmefungua kioo?" Bibi akamwambia akae kimya, kisha akamgeukia bosi, akazungumza naye kwa lugha ya heshima niliyoielewa nusu. Nusu hiyo ilitosha. Alisema Riyadh watampeleka akishakufa, maana hapo hatahitaji pua. Jedda si Iskandaria na haitakuwa, lakini bahari ni bahari, na yeye atakaa, kwa sharti nyumba iwe na roshani na gari liwe na huyu huyu dereva. Bosi alizitoa zile karatasi mkobani. Mimi nilikwenda nyuma ya gari nikajifanya natazama tairi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na siku ile aliyepona ni mimi.

Tulihamia Jedda. Bibi alipata roshani ghorofa ya pili, na wiki haikupita akawa na kapu. Wauza mboga hawakumwelewa, ila yule kijana Mbangladeshi wa dukani alielewa mara moja, na sasa mtaa mzima unamjua. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, nilikuwa nampeleka kwenye mawe ya pwani ya kusini, anakaa kwenye kiti chake cha kukunja, na mimi nampigia mama yangu Likoni kupitia simu ya dada yangu aliye naye, tuonane kwa video.

Siku moja Bibi aliitaka ile simu. Akamsalimu mama yangu kwa Kiarabu, akaanza moja kwa moja: ngome, dhoruba zenye majina, kapu. Mama yangu hajui Kiarabu ila dua alizozisikia kwa majirani, lakini alitambua mtu anayejisifia kwao, akamjibu kwa Kiswahili: kivuko, Ngome ya Yesu, mahamri, viazi vya karai, upepo wa ufukweni. Walijisifu wote kwa pamoja, hakuna aliyemngoja mwenzake. Kila mmoja akaniuliza mwingine anasema nini. Nikawaambia wote wawili jibu moja: "Anasema karibu kwao."

Kisha mama yangu akaniambia nigeuze simu aitazame bahari. Akaitazama.

"Jana ulinionyesha maji yako hapo kwenye jiwe lile jeupe," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na juzi."

"Ndiyo."

"Na leo yako hapo hapo. Huko maji hayapwi?"

Nilikuwa nimeliona jambo hilo tangu tuhamie na sikulisema. Bahari ya Jedda haiendi popote. Kwetu maji yakipwa unatembea mpaka miambani, unaokota kombe, unarudi mbio yanapojaa. Huku yanashinda hapo hapo, asubuhi na jioni.

"Hayapwi, mama. Huku hayajui kwenda."

Mama yangu akasogeza uso karibu na simu. "Na wewe, mwanangu?" akauliza. "Wewe unajua kurudi?"

Kila likizo yangu ilipofika nilikuwa nikisema mwakani, gharama, kazi, madam hana dereva mwingine. Yalikuwa kweli yote, na yote hayakutosha kumjibu mama. Bibi akaniuliza mama amesema nini, nami mara hii sikusema karibu kwao. Nikamwambia ukweli, kwa Kiarabu changu cha barabarani.

Bibi alitazama maji. Akaguna. "Yalla," akasema, akinyoosha mkono nimwinue. "Twende kwa mkwe wangu. Utakwenda kwenu, na utarudi. Nani mwingine ananijulia kioo changu?"

Bosi alinipa ruhusa siku ile ile. Bibi aliteremsha kapu kutoka roshani mimi nikiwa chini na begi langu, ndani yake tende za mama yangu na chupa ndogo ya maji ya Zamzam kwa majirani zake Waislamu.

Dada yangu alinipokea uwanja wa ndege na gari la kuazima. Nikakaa mbele, nikashusha kioo kabla hajawasha injini. Tulipofika nyumbani mama alinishika mkono bila kunikaribisha ndani, akanipeleka moja kwa moja ufukweni. Maji yalikuwa yamekwenda. Mchanga ulikuwa wazi mpaka mbali kabisa, na wanawake walikuwa wameinama kule miambani na ndoo zao.

"Yatarudi," mama akasema, akakalia kanga yake. "Ngoja."

Kungoja ndiyo kazi niliyoisomea. Nikavua viatu, nikakaa karibu naye.